Helen Keller na Mdogo Wake Mildred

Mwenyekiti wa Chama chetu cha Kiswahili alipotuagiza kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, wenzangu walikimbilia majina tunayoyajua sote. Mmoja alimchukua Mekatilili wa Menza, mwingine Dedan Kimathi, na wawili wakagombania Shaaban Robert mpaka mwalimu akaingilia kati. Mimi nilipomtaja Helen Keller, darasa zima likaangua kicheko. Ati Mmarekani huyo anatuhusu nini sisi? Siku hiyo sikujibu. Leo nitajibu, lakini taratibu, maana mambo mengine hayasemeki kwa pupa.

Helen Keller alizaliwa tarehe 27 Juni 1880 katika mji mdogo wa Tuscumbia, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Baba yake, Arthur Keller, alikuwa kapteni wa jeshi zamani na baadaye mhariri wa gazeti. Mama yake aliitwa Kate. Helen alizaliwa mzima kabisa, anaona na anasikia kama mimi na wewe. Alipokuwa na umri wa miezi 19 alishikwa na homa kali. Watu wa nyumbani walidhani hatapona. Homa ikaondoka ghafla kama ilivyokuja, wazazi wakamshukuru Mungu, kumbe ilikuwa imeondoka na macho na masikio ya mtoto. Leo wako wataalamu wanaodhani ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba hujafa hujaumbika.

Basi fikiria, ndugu msomaji. Mtoto asiyeona husikia sauti ya mama yake jikoni. Mtoto kiziwi humwona mama akimpungia mkono. Lakini huyu ambaye ni kiziwi na pia haoni, dunia yake inaishia pale mkono wake unapofika. Ukiwa umekaa hatua mbili tu kutoka kwake, kwake yeye haupo. Ukiondoka bila kumgusa, umetoweka. Ukirudi bila kujitambulisha, wewe ni mgeni.

Hata hivyo Helen hakukaa kama jiwe. Alibuni ishara zake mwenyewe, na inasemekana zilizidi 60. Akikusukuma, maana yake nenda. Akikuvuta, maana yake njoo. Akitaka mkate, alifanya kama mtu anayekata vipande na kupaka siagi. Akitaka aiskrimu, alizungusha mkono kama anayezungusha mashine yake, kisha akajitetemesha kwa baridi. Na aliyezijua ishara hizo vizuri sana hakuwa daktari wala mwalimu. Alikuwa mtoto mwenzake, binti wa mpishi wao, msichana mweusi aliyeitwa Martha Washington. Wawili hao walikanda unga pamoja jikoni, wakalisha kuku pamoja, wakafanya utundu pamoja. Nilipofika hapo katika kitabu nilikifunga kwanza. Nilijiuliza swali ambalo nitawaambia hapo mbele.

Mwaka 1886 Helen alipata mdogo wake wa kike, Mildred. Sasa hapa ndipo maisha yake yanaponigusa mimi. Helen alikuwa na miaka sita. Hakuna mtu aliyeweza kumweleza kwamba nyumbani kumezaliwa mtoto. Ungemwambia kwa njia gani? Alichojua ni kwamba paja la mama lililokuwa lake, sasa limekaliwa na kitu kingine chenye joto, na kila akikaribia anasukumwa kando. Alimwona Mildred kuwa ni mwizi aliyeingia nyumbani. Siku moja alipapasa susu ambamo mwanasesere wake, Nancy, alizoea kulala. Mkono wake ukamkuta Mildred amelala humo. Helen akapandwa na hasira, akaipindua ile susu. Lau mama yao hangemdaka yule mtoto kabla hajaanguka chini, pengine Mildred angekufa siku hiyo.

Watu wengi wakisoma kisa hicho husema Helen alikuwa mtoto mbaya. Mimi nasema hapana. Hakuwa na chuki na dada yake. Hakujua kwamba ana dada. Neno dada halikuwamo kichwani mwake. Mtu huwezi kumpenda ambaye hujajulishwa kwake.

Vituko viliendelea. Alimfungia mama yake katika chumba cha kuwekea vyakula, akakaa nje kwenye ngazi akicheka, huku mama akigonga mlango saa tatu nzima. Helen alifurahia mtikisiko wa mlango ule aliousikia kwa mwili. Jamaa wengine walianza kusema mtoto huyu apelekwe mbali. Lakini mama yake alikuwa amesoma katika kitabu cha mwandishi Mwingereza Charles Dickens habari za Laura Bridgman, msichana kiziwi asiyeona aliyefundishwa katika shule ya Perkins, mjini Boston. Akapata tumaini. Baba akampeleka Helen kwa daktari wa macho, daktari akawaelekeza kwa Alexander Graham Bell, yule aliyegundua simu, na Bell akawaambia waandike barua Perkins. Perkins wakamtuma Anne Sullivan.

Mwalimu huyu naye ana hadithi ya ndugu. Alizaliwa mwaka 1866 katika familia maskini, akaugua macho hadi karibu apofuke. Mama yake alipofariki na baba kushindwa kuwalea, Anne na mdogo wake Jimmie walipelekwa mwaka 1876 katika nyumba ya maskini huko Tewksbury. Jimmie alikuwa na ugonjwa wa nyonga. Miezi michache tu baadaye alifariki mle mle, na Anne akabaki peke yake. Mwaka 1880 ndipo alipopata nafasi ya kusoma Perkins. Aliishi nyumba moja na Laura Bridgman, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, na huko akajifunza herufi za vidole, yaani kuandika maneno ndani ya kiganja cha mwenzako, herufi moja moja. Mimi huamini kwamba mtu aliyempoteza ndugu namna ile hawezi kumwona mtoto amefungiwa gizani akapita tu.

Anne alifika Tuscumbia tarehe 3 Machi 1887 akiwa na miaka 20. Helen hakumpokea kwa mikono miwili. Alimpiga, akamfinya, akamfungia chumbani na kuuficha ufunguo, ikabidi Kapteni Keller alete ngazi amtoe mwalimu kupitia dirishani. Mezani Helen alizoea kutia mkono katika sahani za watu wote, na watu wote walimwachia ili nyumba itulie. Anne akakataa. Akaomba akae na mtoto peke yao katika kijumba kidogo kando ya nyumba kubwa kwa muda wa wiki mbili hivi.

Siku zote hizo Anne alimwandikia maneno kiganjani. Helen akayaiga kwa vidole kama kasuku, bila kujua kwamba yana maana. Kijana mmoja mdogo wa pale nyumbani aliletwa ajifunze herufi pamoja naye, na Helen akafurahi mno kila mwenzake alipokosea, akamlazimisha arudie. Mnaona? Hata kabla ya kujua neno ni nini, alitaka mwenzake wa kushindana naye.

Tarehe 5 Aprili 1887, kama wengi tulivyosikia, Anne alimpeleka kwenye bomba la maji. Maji yakamwagikia mkono mmoja wa Helen, na katika mkono wa pili mwalimu akaandika neno maji, tena na tena. Ghafla Helen akasimama kimya. Akafahamu kwamba kitu hiki cha baridi kinachotiririka kina jina, na kwamba kila kitu duniani kina jina. Siku hiyo alijifunza maneno mengi. Lakini watu huishia kwenye maji tu. Baadhi ya maneno mengine ya siku ile yalikuwa mama, baba, mwalimu, na dada. Naam, dada! Siku ileile aliyopata lugha, Helen akapata dada. Yule mwizi wa paja la mama akapata jina.

Baada ya hapo wale watoto wawili walipendana sana. Walishikana mikono wakaenda popote miguu ilipowapeleka, ingawa Mildred alikuwa mdogo mno kuzielewa herufi za vidole, na Helen hakuweza kuusikia upuuzi wa kitoto wa Mildred. Mara moja, walipokuwa likizoni mahali milimani paitwapo Fern Quarry, wao wawili na mwalimu walipotea msituni. Walizunguka mpaka jioni ikawakaribia. Aliyewaokoa ni Mildred. Alinyosha kidole akaonyesha daraja la reli lililokuwa njia ya kurudi nyumbani. Daraja lenyewe lilikuwa jembamba, limepita juu ya bonde refu, nafasi kati ya mbao ni pana. Helen akavuka akipapasa reli kwa vidole vya miguu. Wakiwa katikati, treni ikaja. Ikabidi wateremke wajishikize kwenye miti ya chini ya daraja, treni ikipita juu ya vichwa vyao na kuwapulizia moshi na majivu. Wote watatu wakafika salama.

Mwaka 1890, Helen akiwa na miaka tisa, alianza kujifunza kusema kwa mdomo. Mwalimu Sarah Fuller wa Boston alimruhusu kugusa uso wake na midomo yake ili ajue ulimi unakaa wapi kila sauti inapotoka. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kazi zote alizowahi kufanya. Na mnajua ni nini kilichomtia nguvu alipotaka kukata tamaa? Si sifa wala magazeti. Ni kule kufikiri kwamba sasa mdogo wake atamwelewa. Alilikumbuka hilo kila alipochoka. Treni ilipowarudisha Tuscumbia, jamaa wote walikuwa wamesimama stesheni. Mama alimkumbatia akitetemeka, na Mildred mdogo akaushika mkono wa dada yake, akaubusu, akaanza kucheza ngoma palepale. Sauti ya Helen haikupata kuwa safi maishani mwake, na watu wengi hawakumfahamu kwa urahisi. Hilo halikumzuia Mildred kucheza.

Mwaka 1891 akazaliwa kaka yao mdogo, na safari hii Helen hakusukumwa kando. Alishirikishwa hata katika kumpa jina. Mtoto aliitwa Phillips Brooks, jina la mhubiri wa Boston aliyekuwa rafiki yake Helen. Linganisha na ile susu iliyopinduliwa, ndugu msomaji, uone tofauti ambayo lugha inaweza kuleta katika nyumba moja kwa miaka mitano tu.

Mwaka 1896 Helen aliingia shule ya wasichana ya Cambridge ili ajiandae kwa chuo kikuu. Baadhi ya wasichana wa darasa lake walijifunza kuongea naye, hata mwalimu Anne hakulazimika kumtafsiria mazungumzo yao. Krismasi ya mwaka huo mama na Mildred walikuja kumtembelea, na mkuu wa shule akakubali Mildred abaki asome pale. Kwa miezi sita dada hao hawakuachana. Walicheza pamoja, wakasaidiana masomoni. Baadaye mkuu wa shule alihitilafiana na Anne juu ya masomo ya Helen, na mama akaja akawaondoa binti zake wote wawili. Helen akaendelea kusoma kwa mwalimu wa faragha. Mwaka 1904 alihitimu katika chuo cha Radcliffe akapata shahada, mtu wa kwanza kiziwi asiyeona kufanya hivyo. Kitabu cha maisha yake kilikuwa kimetoka mwaka mmoja kabla, yaani 1903.

Sitaki mdhani kwamba mambo ya ndugu ni asali tupu. Mwaka 1916, Helen akiwa na miaka 36, alipendana kwa siri na mwandishi mmoja wa habari aliyekuwa akimsaidia kazi, wakataka kuoana. Habari zilipofichuka, mama yake alikasirika sana. Helen akapelekwa Montgomery, Alabama, nyumbani kwa Mildred ambaye sasa alikuwa ameolewa. Ndoa ile haikufanyika. Jamaa zake walimpenda, hilo sina shaka nalo, lakini walimwamulia jambo ambalo ni lake mtu mwenyewe. Basi hata sisi tulio na ndugu mlemavu tujihadhari: kumpenda mtu si kumshikia hatamu.

Anne Sullivan alifariki tarehe 20 Oktoba 1936. Polly Thomson, aliyejiunga nao mwaka 1914, akaendelea kuwa macho na masikio ya Helen hadi alipofariki mwaka 1960. Helen alitembelea nchi zaidi ya 30 akiwatetea wasioona. Alifika Afrika Kusini mwaka 1951 na Misri mwaka 1952. Aliaga dunia tarehe 1 Juni 1968 nyumbani kwake Connecticut, akibakiza siku chache tu atimize miaka 88.

Sasa nijibu lile swali la darasani. Nyumbani kwetu tuko watoto wanne. Wa mwisho nitamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Alipokuwa na karibu miaka miwili aliugua homa ya uti wa mgongo. Akapona, lakini haoni wala hasikii. Sasa ana miaka sita, umri ule ule wa Helen alipopata mdogo wake. Wengi wenu mmepita kwetu mara nyingi na hamjamwona, kwa sababu wageni wakija mimi ndimi niliyekuwa nikimpeleka chumba cha ndani. Hilo nimeliandika ili lisinikae tena moyoni.

Mama peke yake ndiye aliyejua kuongea naye. Sisi wengine tulimpita kama watu wanavyopita gogo njiani. Tulimlisha, tukamfunika blanketi, basi. Mwaka jana mama alisafiri siku mbili kwenda mazishini, akaniachia Kitinda. Jioni ya kwanza alianza kulia. Nilimpa uji akaumwaga. Nilimpa maji akayasukuma. Alikuwa akipigapiga shavu lake kwa kiganja, tena na tena, huku akivuta shati langu, na mimi sikujua anataka nini. Alilia mpaka akalala sakafuni. Jioni ya pili ikawa vilevile. Mama aliporudi alicheka kidogo, halafu akanyamaza aliponiona usoni. Kumbe kila jioni wakati wa taarifa ya habari, yeye humweka Kitinda karibu na redio, naye huweka shavu lake juu yake asikie mtikisiko. Na mimi nilikuwa nimeihamishia redio chumbani kwangu, nikisema moyoni kwamba kiziwi redio ni ya nini.

Hilo ndilo swali nililojiuliza nilipokifunga kitabu pale kwa Martha Washington. Mtoto wa mpishi alizijua ishara za Helen. Mimi, kaka wa tumbo moja, nilikuwa nazijua ngapi za dada yangu? Jibu lilikuwa sifuri.

Mwalimu mmoja kutoka kituo cha kuwapima watoto wenye ulemavu alimweleza mama mambo ambayo sasa tunayafanya sote. Usimshtue mtoto, mguse begani kwanza. Usimkamate mikono kumlazimisha. Weka mikono yako chini ya yake, ili akichoka aweze kuiondoa. Mpe nafasi ajibu, hata kama jibu ni kugeuza kidole tu. Na kila mtu wa nyumbani awe na alama yake moja, isiyobadilika, ya kumwambia kwamba ni mimi niliyekuja. Maana kama ni mama pekee anayemwelewa, basi siku mama akiwa safarini mtoto hana mtu hata mmoja duniani. Dada yangu mkubwa alichagua bangili yake. Ndugu yangu alichagua upara wake, kwa mzaha, lakini Kitinda aliupenda. Mimi nikachagua tai ya shule. Si mnajua sisi wa shule ya kutwa hurudi nyumbani kila jioni? Nikifika humgusa bega, nikaweka tai mikononi mwake, nikamwacha aivute.

Wiki tatu nzima hakuna kilichotokea. Aliivuta tu akaiachia. Nilitaka kuacha, kusema kweli. Halafu Jumamosi moja nilikuwa nyumbani, sijavaa sare, nimekaa karibu naye nikimenya viazi. Nilimgusa bega. Akainua mkono wake polepole akaupeleka kifuani kwangu, akapapasa mahali tai inapokaa. Haikuwepo. Akashika shingo yake mwenyewe akavuta hewa kwenda chini, kama anayevuta tai. Kisha akanyamaza, akingoja.

Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa akiuliza kama ni mimi. Dada yangu alikuwa amenipa jina.

Nilivuta mkono wake chini ya shingo yangu mara mbili, kumwambia ndiyo. Tukaendelea na viazi, yeye akinipokeza kimoja kimoja. Siku hizi wageni wakija Kitinda hukaa sebuleni, na ukitaka kumsalimu nitakuonyesha namna. Mwaka huu wanachama wanne wa chama chetu wameshajaribu. Mmoja wao ni yule aliyecheka zaidi darasani, na sasa ana jina lake pia, ambalo sitalitaja kwa sababu linahusu masikio yake.

Kwa hayo machache naiweka kalamu yangu chini.